Mtoto wa Vikapu Viwili vya Mtama

Benedikta alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu mwaka ule alioletewa vijana saba wa kufundisha, na hakumtaka hata mmoja wao.

Ilikuwa Desemba ya mwaka themanini na sita. Kikundi cha sanaa alichoimbia, kule Makoko kando ya ziwa, kilikuwa kimebaki mifupa mitupu. Miaka michache nyuma, maduka yalipokuwa hayana kitu na watu wakifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, waimbaji walikuwa wengi hata ukumbi wa parokia hauwatoshi. Mtu hakuwa na pa kwenda, na kuimba ndicho kilikuwa kitu pekee kisichohitaji kibali. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Sabuni ilirudi, sukari ilirudi, na nguo za mitumba, zile walizoziita kafa Ulaya, zilishuka kutoka mpakani Sirari marobota kwa marobota. Waimbaji wakayafuata marobota. Clementi, aliyekuwa akiimba sehemu ya Baba kwa sauti ya kutetemesha mabati, aliaga Jumatatu. Alhamisi akaonekana sokoni Mwisenge amesimama juu ya rundo la suruali, akizinadi kwa sauti ile ile.

Wakabaki kumi na mmoja, wengi wao watu wazima wenye magoti yanayolia. Mwalimu Wenceslaus, mzee aliyekianzisha kikundi baada ya kustaafu ualimu, akaenda kulalamika kwa Afisa Utamaduni. Hakupewa fedha wala nguo za jukwaani. Alipewa barua. Ilisema kwamba vijana saba waliomaliza kidato cha nne, wanaosubiri majibu ya mtihani, wataletwa kwa miezi mitatu wajifunze kazi ya jukwaa kwa vitendo, na kwamba kikundi kiwapokee na kuwatumia.

Benedikta alipoisoma alimuuliza Mwalimu kama hao watoto wanakuja kujifunza au wanakuja kulelewa. Mwalimu akasema hata yeye hajui.

Mchezo wao mkubwa uliitwa Mwaka wa Mtama. Ulikuwa mchezo wa kuimbwa toka mwanzo hadi mwisho, na Mwalimu Wenceslaus ndiye aliyeutunga. Ulisimulia njaa moja ya enzi za Mwingereza, wakati watu wa vijiji vya ziwani walipotembea siku mbili kwenda bara kutafuta nafaka. Baba na Mama wanatembea na binti yao mdogo mpaka kwenye mji wa mkulima mwenye maghala. Hawana cha kutoa. Wanamwacha binti pale, wanapewa vikapu viwili vya mtama, wanarudi kuwaokoa wale waliobaki nyumbani. Kisha mvua inanyesha, mashamba yanakubali, kijiji kizima kinaimba wimbo wa kusifu jembe, na watu wanapiga makofi.

Kwa miaka minane Benedikta aliimba sehemu ya Mama, na kwa miaka yote hiyo binti alikuwa furushi: khanga kuukuu iliyofungwa juu ya mto wa kulalia. Alilitua furushi, akaimba wimbo wa kuaga, akabeba vikapu, akaondoka. Alikuwa mashuhuri kwa wimbo ule. Wanawake walimsimamisha njiani kumshika mkono kwa ajili yake.

Vijana wakaja, wavulana watatu na wasichana wanne, wa miaka kumi na sita na kumi na saba. Siku ya kwanza walikaa ukutani wamebanana kama wanangoja kuchanjwa. Benedikta akawafundisha wimbo wa safari, wenye sauti nne zinazopishana, ambao watu wazima waliwahi kuuhangaikia wiki tatu. Aliwafundisha asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa nao. Akadhani wamebahatisha, akawabadilisha, wa sauti ya chini akampeleka juu, wa juu akamshusha. Wakauimba tena bila kuteleza. Mvulana mmoja aliyeitwa Danford, mrefu, ambaye sauti yake ilikuwa haijaamua kama ni ya mtoto au ya mwanamume, akamuuliza kwa adabu kama wanaweza kuujaribu bila ngoma, wasikie miguu tu. Wakautembea ule wimbo kuzunguka ukumbi, miguu peku juu ya saruji, na Benedikta akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika miaka minane: watu wanaotembea kwa njaa.

Alirudi nyumbani siku hiyo hajui la kumwambia mumewe. Alimwambia tu kwamba wale watoto si wabaya.

Siku zilivyokwenda alizidi kushangaa. Kikundi hakikuwa na nguo za jukwaani. Za zamani zilikuwa zimechakaa, na mitumba haifanani na watu wa enzi za njaa. Vijana wakaenda kwenye ghala la pamba wakaomba magunia mabovu. Wakayafumua, wakayaloweka katika udongo mwekundu na maji ya magome, wakayaanika juu ya mawe ya ziwani. Yalipokauka yalikuwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe na ya vumbi, na mtu akiyavaa alionekana ametoka mbali. Hakuna aliyewatuma. Benedikta alisimama mlangoni akiyatazama yale magunia yamepangwa juu ya majabali, mawimbi yakigonga chini yake, akajikuta ameshika shavu kama mtu aliyeona ajabu.

Kati yao alikuwepo msichana mfupi wa Tarime aliyeitwa Boke, asiyeweza kukaa na swali kinywani. Wiki ya pili, walipofika mara ya kwanza kwenye wimbo wa kuaga, Benedikta aliuimba wote, akabeba vikapu, akaondoka kama kawaida yake. Waimbaji wa zamani wakajiandaa kwa wimbo wa mvua. Boke akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mama, samahani," alisema. "Huyu mtoto alienda wapi?"

"Mtoto yupi?"

Boke akaonyesha furushi lililobaki katikati ya ukumbi.

Mwalimu Wenceslaus ndiye aliyejibu. Alieleza kwa upole kwamba mchezo unahusu kilimo na bidii, kwamba mtoto ni sehemu ndogo ya kuonyesha ukali wa njaa, na kwamba watazamaji hawapaswi kurudi nyumbani na huzuni.

Boke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, hawa watu wamekula mtama wake."

Benedikta alikuwa bado amebeba vile vikapu, kimoja kila mkono, na ghafla hakujua aviweke wapi. Ndipo msichana mwingine, Hyasinta, mwembamba, ambaye kwa wiki mbili alikuwa amesema maneno yasiyozidi kumi, akasema bila kuinua macho, "Bibi yangu aliachwaga hivyo hivyo."

Mwalimu alilifunga daftari lake la mchezo. Alikiri mbele ya wote kwamba hadithi ile aliisikia utotoni kwa watu wazima, akaitungia nyimbo, lakini hakuwahi kukutana na mtu aliyeachwa. Alidhani wote walishakufa zamani.

Jumamosi iliyofuata Benedikta na Hyasinta walipanda gari la mizigo hadi upande wa Bugwema, wakatembea kwa miguu hadi kijiji cha ziwani alikozaliwa msichana. Bibi yake, Dafroza, alikuwa anakaribia miaka sabini. Waliamkiana, wakapewa uji na samaki mkavu, na ilipita saa nzima kabla Hyasinta hajathubutu kusema wamefuata nini. Bibi akasimulia, akianika dagaa huku anasema, kana kwamba mikono ikikaa bure maneno hayatatoka.

Aliachwa Butiama, alisema, akiwa na miaka tisa hivi. Hakuachwa peke yake. Miji ya wakulima wa pale ilikuwa na watoto wanne wa ziwani, wote wasichana, kila mmoja kwenye mji wake, na walikutana kisimani asubuhi na jioni. Hawakuteswa. Walilishwa, walifanya kazi kama watoto wa pale, wakafundishwa Kizanaki, lugha ya pale. Kilichowatisha ni kusahau. Kwa hiyo wakatunga wimbo wa Kijita, lugha ya kwao, wa beti nne, kila mmoja ubeti wake, wa kutaja jina lake, la baba yake, la kijiji chake, na alama ya nyumba yao, ili siku akipita mtu wa ziwani asikie na akaseme nyumbani.

"Baba yangu alikuja baada ya mavuno matatu," alisema Bibi Dafroza. "Alileta ng'ombe mtamba wa kunikomboa. Wenzangu niliwaacha kisimani. Walikuwa wamesimama na mitungi, hawakulia. Sijarudi tena kule. Ningerudi na uso gani?"

Benedikta, ambaye ni Mkwaya na Kijita kwake ni kama lugha ya nyumbani, akamwomba awaimbie. Bibi aliimba ubeti wake mmoja, taratibu, kwa sauti iliyochakaa lakini isiyotafuta neno. Alijitaja kwa jina lake la utotoni, Nyanjura, binti wa Mafuru. Akataja kijiji, akataja jabali lenye umbo la ng'ombe aliyelala, nyuma ya nyumba yao. Ukipita, useme umeniona. Ndivyo ulivyokwisha.

Hyasinta alimuuliza beti za wenzake. Bibi akakataa. Alisema walikubaliana kila mmoja aimbe wake, maana kuimba ubeti wa mwenzio aliye hai ni kama kumzika.

Njiani kurudi Hyasinta alikuwa akiurudia ule ubeti kwa midomo tu. Benedikta akamtazama yule mtoto wa watu, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani, akafikiri kwamba kwa miaka minane yeye amepigiwa makofi kwa kuondoka.

Mchezo ukabadilishwa. Mwalimu Wenceslaus alikaa na vijana siku nne, na jambo ambalo Benedikta hakulisahau ni kwamba mzee yule, aliyezoea kusikilizwa, alikuwa ndiye anayeandika na wao ndio wanaosema. Hyasinta angekuwa mtoto. Akishaachwa, angebaki peke yake jukwaani, achukue kibuyu cha maji na kuimba ubeti wa bibi yake. Boke ndiye aliyefikiria kilichofuata. Alisema zile beti tatu wasizozijua zisiachwe. Ngoma ipige mwendo wake mara tatu, urefu wa ubeti kila mara, na asiimbe mtu yeyote. Watazamaji wasikie nafasi.

Mwimbaji mmoja wa zamani akasema watu watadhani tumesahau maneno. Boke akajibu kwamba ndivyo ilivyo, hatuyajui.

Danford alipewa sehemu ya Baba iliyoachwa na Clementi, na ngoma ya zile nafasi pia. Kwa Benedikta mazoezi ya kwanza yalikuwa magumu kuliko jukwaa lolote alilowahi kupanda. Furushi halishiki mkono. Hyasinta alimshika, vidole vyembamba vya baridi, na wimbo ulipofika pale pa kuondoka Benedikta aliuvuta mkono wake na ule mkono mwingine haukuachia. Msichana hakuwa anaigiza ukaidi. Alikuwa anafanya vile mtoto yeyote angefanya. Sauti ya Benedikta, ile iliyosifiwa Musoma nzima, ilikatika katikati ya neno. Alikaa chini sakafuni. Hyasinta akakaa naye, akamwambia kwa kunong'ona, "Pole, Mama. Nitaachia mapema kidogo." Benedikta akamwambia asiachie mapema. Yeye mwenyewe ndiye atakayejifunza kuuvuta.

Waliufungua mchezo Musoma mjini mwishoni mwa Januari, wakaenda Bunda wiki iliyofuata. Kote watu walijaa. Zile nafasi tatu zilipopita kimya, ngoma peke yake, ukumbi wa Musoma ulitulia kabisa, na Bunda, penye uwanja wazi na kelele za soko, hata wauza miwa waliacha kukata. Hapo ndipo ratiba ilipokuwa imekoma. Lakini Hyasinta alimfuata Mwalimu Wenceslaus, akasimama mbele yake mikono nyuma, akamwomba mchezo upelekwe Butiama. Hakutoa sababu, na Mwalimu hakumuuliza.

Gari halikuwepo. Ofisi ilisema dizeli imekwisha mpaka mwezi ujao. Benedikta akaenda sokoni Mwisenge kwa Clementi, bila matumaini makubwa, akamweleza. Clementi aliacha kunadi. Aliuliza mtoto sasa ni nani, akaambiwa ni mtu kweli. Akasema kuna jamaa anayemletea marobota kwa lori, atazungumza naye. Jumamosi lori lilikuja, na Clementi mwenyewe alikuwa amekaa mbele na dereva.

Butiama walipewa uwanja wa shule. Vijana walifunga kamba kwenye miti miwili kuonyesha mipaka ya jukwaa, wakamwagia maji vumbi. Ilipofika saa tisa alasiri watu walikuwa wameshaketi: wakulima na wake zao, wachungaji wenye fimbo, watoto mbele kabisa, na upande wa kushoto, juu ya mikeka, wanawake wazee waliotoka kwenye jumuiya za kanisa. Wengi wao Kiswahili chao kilikuwa cha kuazima. Benedikta aliwatazama akahofia kwamba hawatafuata.

Walifuata. Wimbo wa safari ulipoanza, miguu peku juu ya ardhi ngumu, wale wazee waliacha kuzungumza. Danford aliimba sehemu ya Baba kwa sauti yake isiyotulia, na pale ilipopasuka hakuificha, ikawa sauti ya mwanamume asiyeweza kulisema analolitenda. Benedikta aliuvuta mkono wake. Aliondoka na vikapu mpaka kwenye kamba, akageuka kutazama, maana sasa mchezo ulimruhusu kugeuka.

Hyasinta alichukua kibuyu. Akaimba: Mimi ni Nyanjura, binti wa Mafuru. Akataja kijiji, akataja jabali. Ukipita, useme umeniona. Akanyamaza.

Danford akapiga ngoma ya nafasi ya kwanza.

Sauti ikaipokea, na mwanzo Benedikta alidhani ni mmoja wa vijana amekosea. Kisha akaona kwamba sauti inatoka kushoto, kwenye mikeka. Mwanamke mmoja mzee, mwenye kitambaa cheupe kichwani na rozari shingoni, alikuwa anaimba. Alikuwa ameketi bado, macho yameelekea mbele, na maneno yalikuwa Kijita safi, Kijita cha mtoto, cha zamani, kilichokaa ndani bila kutumiwa. Mimi ni Nyafuru, binti wa Magesa. Akataja kijiji cha pembezoni mwa rasi, akataja mkuyu wenye mashina mawili. Ukipita, useme umeniona.

Ubeti ulikwisha pale pale ngoma ilipokwisha. Benedikta alimwangalia Danford, akiogopa kwamba mtoto ataacha, na yeyote angeacha. Danford hakuacha. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, lakini mikono yake ilianza nafasi ya pili, mwendo ule ule, bila kuharakisha.

Nyuma ya watu, karibu na ukuta wa darasa, mwanamke mwingine alikuwa amesimama, ametegemea fimbo. Yeye aliimba kwa nguvu, karibu kwa hasira, akajitaja na kumtaja baba yake na mlango mwekundu wa nyumba yao. Watu waligeuka wote kumtazama. Mwanamume mmoja wa makamo, mchungaji wa mifugo aliyekuwa ameketi karibu na mikeka, alisimama, akaketi, akasimama tena. Aliitwa Burito, na mwenye kitambaa cheupe alikuwa mama yake.

Nafasi ya tatu ikaanza. Hakuna sauti iliyotoka. Ngoma ilikwenda robo, ikakaribia nusu. Yule mwenye kitambaa cheupe akainua uso, akatazama kule ukutani kwa mwenzake aliyesimama na fimbo, na yule wa ukutani akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mama yake Burito akaimba ubeti wa tatu. Aliuanza ngoma ikiwa katikati, kwa sauti ya chini. Jina alilolitaja halikuwa lake. Benedikta akakumbuka kilichosemwa kule ziwani juu ya kuimba ubeti wa mwenzio, akaelewa kwamba wa tatu amekufa, na kwamba hapa, mbele ya uwanja mzima na watoto wenye vumbi, ndipo anapozikwa na watu waliokuwa wanamjua jina.

Mchezo ulidai sasa wimbo wa mvua na wa jembe. Benedikta ndiye aliyepaswa kuuanzisha, na hakuweza. Wala hakuhitajika. Vijana walikuwa wamepiga magoti, wote saba, wakiwaelekea wale wanawake wazee, hawakuambiana. Boke akauanzisha wimbo wa jembe kwa chini sana, polepole, mwendo wa mtu anayelima peke yake. Wengine wakaingia mmoja mmoja. Ulikuwa wimbo ule ule wa kupigiwa makofi, maneno yale yale, lakini Benedikta aliusikia kwa mara ya kwanza ukiuliza ni nani aliyeilipia mvua. Hakuna aliyepiga makofi. Clementi, nyuma ya lori, alikuwa amevua kofia.

Watu hawakuondoka. Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima, na mkutano ule ulikaa kama watu wa msibani na wa arusini kwa pamoja. Burito alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yake, mtu mzima wa miaka hamsini, akamuuliza ameimba nini. Benedikta hakujua Kizanaki, alitafsiriwa baadaye. Mama alimwambia mwanawe kwamba kabla ya kubatizwa Skolastika, na kabla ya kuolewa na baba yake, aliitwa Nyafuru. Burito akasema hawakuwahi kuambiwa. Akajibiwa kwamba hawakuwahi kuuliza, na kwamba asingejua aanzie wapi. Yeye na yule mwenzake mwenye fimbo walikuwa wakisali kanisa moja miaka yote. Walijuana. Waliacha tu kuliongea, toka siku ile Nyanjura alipokombolewa wao wakabaki.

Hyasinta alisogea mbele ya Bibi Skolastika akapiga magoti. "Shikamoo, Bibi," alisema. "Mimi ni mjukuu wa Nyanjura."

Mzee alimshika kidevu, akaugeuza uso wake huku na huku, kama anayetafuta alama mahali alipoiacha. Alipoiona, chochote kile alichokiona, akauliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anatuwazaga?"

Hyasinta alisema bibi yake hakurudi kwa sababu hakujua arudi na uso gani. Skolastika akasema kitu kwa Kizanaki kilichowachekesha wanawake wote wa mkekani. Burito akatafsiri, akiona haya kidogo: mama anasema aje na uso huo huo, hata ukiwa umezeeka.

Majibu ya mtihani yalitoka mwezi uliofuata. Boke alichaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Danford hakuchaguliwa, na Mwalimu Wenceslaus akamwomba abaki kikundini, akamkabidhi daftari la nyimbo alilokuwa hampi mtu. Hyasinta alipata nafasi chuo cha ualimu. Kabla hajaondoka alimwomba Benedikta waende naye safari moja zaidi, kwa sababu Burito alikuwa ameuza mbuzi wawili ili mama yake asafiri hadi ziwani, na Hyasinta aliogopa kuwa peke yake siku hiyo.

Walifika kwa Bibi Dafroza Jumapili baada ya misa. Skolastika alikuwa amechoka, akishikwa mkono na mwanawe. Wale wanawake wawili walisimama uani hatua kumi mmoja toka kwa mwenzake. Benedikta alijiandaa kwa kilio. Hakikuja. Dafroza alisema jina moja tu, "Nyafuru," na Skolastika akasema, "Ee." Kisha wakaingia ndani wakakaa kitandani pamoja, na ikagundulika kwamba hawana lugha. Skolastika hakubakiwa na Kijita chochote isipokuwa ule wimbo, na Dafroza Kizanaki kilimtoka zamani. Wakabaki na Kiswahili, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekijua vizuri.

Vijana wa nyumbani walitolewa nje, na Burito pia. Benedikta alikaa kizingitini na Hyasinta, bega kwa bega, wakimenya mihogo ambayo hakuna aliyewaomba waimenye. Ndani sauti zilikuwa chini, zikitafuta maneno, zikikosa, zikirudi nyuma. Ilipita saa nzima hivyo. Halafu Dafroza akauliza habari za mwanamume fulani wa kule, mwenye mji mmojawapo, aliyekuwa akiogopa kuku, kama ni kweli mpaka kufa kwake aliwaogopa. Skolastika akaanza kujibu, akashindwa kwa kicheko, na yule mwingine akadakia, na kicheko chao wawili kikatoka nje kwa mlango, chembamba, cha juu, cha wasichana wa miaka tisa.

Hyasinta aliacha kumenya. Benedikta naye aliacha. Hawakuangaliana. Walikaa pale wakisikiliza, visu mikononi, mpaka mihogo ikaanza kukauka juu ya ungo.